Dorcas hakuuawa na bundi

Siamini bado kwamba ninaandika haya. Dorcas, présidente wa Macho Juu, club yetu ya kutazama ndege hapa Bunia, tumemzika jana.

Na nina hasira, jamani. Sitaificha.

Lori lisilo na breki liliigonga pikipiki aliyopanda, barabara ya Bogoro, mchana kweupe. Dereva alikimbia. Mwenye lori yupo mjini, anakula, analala.

Nyinyi humu kwenye group mnaandika nini? "Tulisema! Bundi yake ndiyo imemukula." Aibu yenu!

Club ilianza na manati. Vijana walikuwa wanalenga ndege kando ya mto Nyamukau, Dorcas akawanyang'anya, akawapa darubini ya mjomba wake. "Muangalie kwanza. Kisha mutaniambia kama mungali na hamu ya kuua."

Darubini moja, club nzima! Tulipanga foleni kama bidoni za maji bombani, na bado tuligombana.

Siku moja polisi alitushika, eti tunapeleleza. Dorcas akamvika darubini shingoni. "Chef, angalia ule ndege wa buluu, juu ya waya." Weee! Kuirudisha ikawa shida. Tuliomba mpaka tukachoka.

Bundi wake walikaa kwenye mti wa avoka nyuma ya kwao, mtaa wa Mudzipela. Mtu akiugua mtaani, majirani wanataka kuukata.

Hata mama yake alikuwa anamkemea. "Weye mutoto, utatuletea mambo na ndege yako ya uchawi." Dorcas alicheka tu: "Mama, panya za mahindi yako, nani alizimaliza?"

Jana tumetoka makaburini, tunakuta wanaume na shoka chini ya mti ule. Udongo wa kaburi ulikuwa bado kwenye viatu vyao. Nilitaka kupigana, nakiri.

Mama Dorcas akanipita. Akauegemea mti, na kitenge chake cha msiba.

"Ndege haiendeshaka camion," akasema. "Mwenye camion munamujua wote. Mbona kwake hamuende?"

Mwenye shoka aliliweka begani, wakaondoka.

Dorcas, bundi wako wapo. Leo asubuhi mama aliomba darubini, akashindwa kuona kwa machozi, akaomba tena. Tumemwachia.

Wewe lala, présidente wetu. Sisi hatulali mpaka mwenye lori ajibu.