Piza ya Jirani wa Juu

Mume wangu hajawahi kuniolea mke mwenza, lakini wivu wa uke wenza naujua vizuri. Niliupata ugenini, mtaa wa Troyeville, kati ya mwaka 2016 na 2018, kwa ajili ya mwanamke aliyekaa ghorofa moja juu yetu. Alikuwa fundi cherehani kutoka Lubumbashi, mjane, hana mtoto. Na mume wangu hakuwa na haja naye kabisa. Mwanamke huyo alikuwa ananichukulia binti yangu, tena kwa mikate.

Jumamosi mimi nilikuwa kwenye meza yangu ya mitumba karibu na Joubert Park, na mume wangu yuko lindoni. Binti alikuwa na miaka tisa, hawezi kubaki peke yake, kwa hiyo nikamwomba jirani akae naye. Nilidhani mtoto atakaa kwenye kiti akimwangalia mtu anashona. Kumbe huko juu walikuwa wanapika. Leo baga, wiki ijayo sandwichi za mayai na achari, nyingine piza. Nikirudi jioni na kupakua wali na mchuzi wa nazi, binti anasukuma sahani, ananiambia kwa Kiingereza kwamba ameshiba. Mazungumzo yetu yanaishia hapo. Kiswahili alikisikia chote, lakini tangu aanze shule hakunijibu kwa Kiswahili hata mara moja. Mimi mtu wa Tanga, nilikuwa nasema nyumbani kwangu kama redio.

Kilichonimaliza zaidi ni sahani. Yule mwanamke alimpa binti vipande vya piza atuletee, vimefunikwa kwa kitambaa safi. Kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu. Ningeweza kuirudisha na kaimati, lakini hapo ningekuwa nimekubali kwamba mambo ya piza ni yake. Nikaamua kumjibu kwa piza.

Jumapili nikayatoa masufuria yote yaliyokuwa yanaishi ndani ya oveni, nikakanda unga. Sasa mkono wangu unajua unga wa aina moja tu. Nikatia maji ya moto na mafuta, nikakanda mpaka ukalainika, nikausukuma, nikaukunja na kuuviringisha, nikausukuma tena, vilevile kama chapati. Hamira hata haikunijia akilini. Juu nikapanga nyanya, kuku na jibini. Ilitoka ngumu, ukiigonga inaitika kama mlango. Mume wangu alitafuna kipande kimoja muda mrefu sana.

“Eish, mama watoto,” akasema. “Chai ipo?”

Binti alibandua jibini, akala hiyo tu.

Nikaanza kumtafutia yule mwanamke kosa. Nikajiambia, huyu ni Mkristo, atakuwa anamlisha mwanangu poloni, zile soseji nene za nguruwe. Nikaenda kuuliza kwenye bucha letu la halali. Mwenye bucha akaniambia huyo mama hununua hapohapo, tena huuliza mara mbili kama nyama ni halali kweli, kwa sababu ya mtoto. Nilitoka pale nimenuna. Mtu ukishamwonea wivu, hata wema wake unaona anakukomoa.

Mwisho nikaamua baga. Nyama ya kusaga naiweza. Nikaitia thomu, tangawizi, bizari na pilipili, kama kababu za nyumbani. Jumamosi hiyo nilifunga meza mapema, nikazikaanga, nikazipanga ndani ya mikate laini kwenye sahani ya jirani, nikapanda nayo. Nilitaka binti aache chakula cha yule mwanamke, ale changu mbele yake.

Mlango ulikuwa wazi kidogo. Nilisimama nje kwa sababu nilimsikia mtoto anaongea, maneno yanamtoka kama bomba lililopasuka. Kwa Kiswahili. Alikuwa anasimulia jinsi mwalimu alivyomfokea rafiki yake, anacheka, anabisha, anauliza. Habari hiyo sikuwahi kuisikia. Nikaelewa palepale: yule mwanamke ana Kifaransa na Kiswahili, Kiingereza hana. Mtoto akitaka jibini, lazima aiombe kwa Kiswahili. Nilitamani kuirusha ile sahani ngazini.

Jirani akaniona. “Karibu, mama! Ingia tu. Mutoto yako iko napika leo, miye niko natazama.”

Akaipokea sahani kwa mikono miwili, akanusa baga, akanisifu kwa dhati, nikazidi kumchukia. Hata oveni hakuwa nayo. Piza ilikuwa inaiva kwenye kikaango kilichofunikwa, juu ya jiko la gesi.

Binti alikuwa amesimama juu ya kigoda, ana unga mpaka kwenye nyusi. Sahani yangu hakuitazama. Alikata kipande, akakipuliza, akaniletea kwenye kiganja.

“Ukule, mama,” akaniambia. “Ni miye nilitengeneza.”

Nikala. Maneno hayo niliyangoja tangu aanze shule, na yote yalikuwa ya yule mwanamke.