Nilichomoa Waya, Consolata Akabaki

Nichekeni, lakini mnisikilize kwanza. Nilikuwa fundi wa kompyuta katika kambi ya wakimbizi ya Lukole, na asubuhi ile nilikuwa nimemaliza kuunganisha kikompyuta cha Linux kitumie mtandao wa waya pamoja na ule usio na waya, ili mmoja ukikatika mwingine uendelee.

Kukijaribu, nikampigia Consolata. Tulikuwa tukifundisha kompyuta pamoja hapo kambini kabla hajarudi kwao Muyinga, ng'ambo ya mpaka, na wazazi wake. Tangu lori lao liondoke, nilikuwa napita kila mara penye kibanda chao kitupu bila shughuli yoyote. Lakini sauti yake ilipotoka kwenye spika, nikamuuliza habari za mvua! Akanieleza mvua, akanieleza maharage, kisha akauliza, "Na jingine?" Ujasiri ukanitoka. Nikachomoa waya wa mtandao ili adhani umekatika.

"Mbona hukumwambia?" akauliza Jovin, mfanyakazi mwenzangu.

"Nimwambie nini? Kwamba nikisikia Kirundi sokoni nageuka nikidhani ni yeye? Kwamba nataka kumwoa, ila namwogopa baba yake, mzee mkali kama pilipili?"

 Jovin alikuwa ameikodolea macho spika.

"Nimekusikia," akasema Consolata polepole. "Na baba yuko hapa, tumekaa naye."

Nilitafuta waya mwingine wa kuchomoa, sikuuona.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," ikajibu sauti nzito. "Hapo pa kuoa sikusikia vizuri. Hebu rudia."