Mgeni wa Garanti

Nina ulimi mwepesi na hasira za karibu, na hapa Kasongo hakuna asiyejua, kwa hiyo sitajifanya mtulivu ninaposimulia habari ya mashini ya mama. Nikipita pale iliposimama, nageuza uso mpaka leo.

Ilikuwa mashini ya kukoboa mpunga, yenye injini mpya ya dizeli. Mama aliinunua baada ya baba kufariki, kwa mavuno ya misimu mingi, na ndiyo iliyotulisha. Ilikuja na garanti, yaani kijitabu cha Kifaransa ambacho mimi, binti yake, nilimsomea tukiwa tumeketi juu ya magunia. Maneno mengi, lakini mzizi wake ulikuwa mfupi: injini ikivunjika kwa kosa la kiwanda, duka la Kindu litatupa chuma kingine bure, lakini ikiharibika kwa sababu ya mafuta mabaya, ni shauri letu.

"Basi tuko na mulinzi," mama akasema, akakifunga kijitabu ndani ya kitambaa cheupe pamoja na msahafu. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Kisha mazutu, yaani dizeli yenyewe, ikaanza kuwa adimu. Ile iliyofika kwa barabara mbovu ilipitiliza hadi Salamabila, kwa pampu za wachimba dhahabu, na sisi wa mpunga tukabaki kuitazama ikipita. Ndipo mama mdogo, mdogo wake mama, akaja na maneno yake. Yeye hutengeneza sabuni kwa mafuta ya mawese na soda kali ya unga, na kule Bukavu alikuwa amejifunza kwamba mawese yakipikwa na soda kidogo na pombe kali, yanakuwa mafuta ya kuchanganya na mazutu.

"Pombe?" mama aliruka. "Ile pombe isiingie mu lupango yangu!"

Ikabidi mama mdogo apike nje ya ua, upande wa barabara, na wapita njia walioswali msikiti mmoja nasi wakawa wanakohoa kwa makusudi. Mitungi ya mwanzo iliganda ikawa sabuni tupu. Mama mdogo hakujali, aliikata vipande akaiuza. Baadaye akapata mafuta mepesi, ya manjano, yasiyoganda asubuhi.

Mimi nilikuwa na wasiwasi wa garanti, si wa pombe. Nikakisoma kijitabu upya. Hakikukataza mafuta ya mimea. Kilikubali yachanganywe kidogo, mradi yawe safi. Nikapiga simu dukani, sauti ikanijibu vilevile: mafuta hayafuti garanti, ila yakiua kitu, duka halimo. Basi tukachanganya kidogo tu, na mama mwenyewe alikuwa akiyachuja kwa kitambaa kabla ya kumimina. Injini ilikwenda vizuri. Moshi wake ulinuka kama mikate inayokaangwa, na wanawake waliongoja zamu walilalamika kwamba tunawatia njaa.

Asubuhi moja, katikati ya mpunga wa jirani, kikasikika kishindo na gurudumu zito likainama upande. Ule mhimili wa chuma unaolibeba ulikuwa umekatika. Nikachungulia pale ulipokatika. Meno ya chuma yalikuwa makali, na katikati yake kulikuwa na kitundu, kama tundu la hewa ndani ya mkate. Chuma kilikuwa kimetoka kiwandani na ugonjwa wake. Mafuta hayapiti hapo kabisa, yawe ya mawese au ya peponi. Nilikaribia kufurahi. Nikapiga picha kwa simu yangu ya kioo kilichopasuka, nikalieleza duka, nao wakasema watamtuma fundi njia ikikauka.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," mama akasema, na safari hii methali ilikuwa na maana yake yote. Bila yule mgeni mashini ilikuwa imekufa, kwa sababu chuma kile hakitengenezwi Kasongo wala Kabambare nzima.

Nikaenda Wamaza kuwabembeleza wakulima waliotuahidi mpunga wasiupeleke kwingine. Nilirudi kwa pikipiki, tope mpaka magotini, nikamkuta fundi amekwisha kufika. Alikuwa amechuchumaa mbele ya injini, na mama amesimama pembeni na kitambaa kipya kichwani, uso wake umejaa fahari.

Kwanza niliona jinsi injini ilivyong'aa. Kwetu mgeni hakuti uchafu. Mama amefagia ua kwa ajili ya wageni tangu akiwa msichana, hata mgeni akiwa mkusanya kodi. Akafanya alivyozoea. Aliiosha injini yote kwa sabuni ya mdogo wake. Mafuta yaliyobaki ndani ya tangi aliyamwaga, maana yalikuwa yamelala siku nyingi. Chujio lenye masizi alilitupa chooni.

Fundi alipitisha kidole pale mhimili ulipokatika. Palikuwa laini.

"Nani alipiga hapa tupa?" akauliza.

"Ni mie nilimwita muchomeaji," mama akajibu kwa furaha. "Ile chuma ilikuwa na meno. Mugeni angejikata mukono."

Kile kitundu kilikuwa kimeondoka pamoja na vumbi la tupa.

Fundi akainuka taratibu. Akanusa bomba la moshi, akanitazama mimi, si mama. "Munachoma mawese humu ndani. Mafuta munamwaga, filtre munatupa, chuma munalainisha. Mie nijue nini sasa?"

Nikamtolea simu. Aliitazama ile picha yenye giza kwa muda. "Hii inaweza kuwa chuma ya nani yote," akasema.

Hapo nililipuka. Nilimuuliza ni ukurasa upi wa kijitabu unaosema watu wasioshe mali yao. Nilimwambia maneno mengine ambayo sitayaandika, kwa kuwa mama alikuwa pale. Fundi hakukasirika, na hilo liliniumiza zaidi. Alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka safari, "Dada, mutu mwenye hana kosa hasafishi hivi."

Mama alikuwa akifuata maneno yetu kama mtu anayesikiliza ugomvi wa nyumba ya pili. Sentensi ile ilimfikia. Niliona ikimfikia. Mkono wake ukapanda kwenye kitambaa cha kichwani, ukabaki huko.

"Mie nilisafisha juu yako, baba, sababu uko mugeni," akamwambia. "Uandike pale kama ni juu yako."

"Hakuna nafasi ya kuandika vile, mama," fundi akajibu, na nadhani alikuwa na haya. Akaandika kwamba chanzo hakijulikani, na kwa neno hilo duka halitoi chuma. Kisha akanawa mikono, akala wali na kuku tuliomwandalia, maana mama hakukubali aondoke na njaa, akapanda pikipiki akarudi alikotoka.

Mashini imesimama hadi sasa. Mpunga wa mtaa mzima umerudi kwenye vinu, na alfajiri nasikia mitwangio kutoka kila ua. Mama mdogo amerudia sabuni. Watu wananiambia maji yakimwagika hayazoleki, nami nawajibu wakawaimbie wengine methali hiyo.

Ningeweza kuizoea mashini iliyokufa. Lakini juzi tulipata habari kwamba wakwe zetu wa Nyangwe wanakuja kututembelea. Nilimkuta mama mlangoni, ameshika ufagio, ua wote mbele yake una majani. Alikuwa amesimama tu. Aliponiona akauliza polepole, "Nifagie, ao niache vile viko?"