Mafuta Kwenye Sumaku

Kinachomuuma roho Spana, fundi umeme wa kiwandani, ni vile mwenzake, Dada Fundi, anavyoiinamia kontakta, ile swichi ya sumaku inayowasha mota, kama anayemjulia hali mgonjwa. Anaisikiliza kwanza. Koili ikipata umeme, sumaku huvuta chuma, tak! mota ikaunguruma, umeme ukikatwa, springi huviachanisha. Hayo Spana aliyajua nje ndani kabla dada huyo hajajua kushika bisibisi, lakini mashine ikigoma, anaitwa nani? "Mwiteni dada!"

Leo mota ya kinu iligoma kuzimika. Kitufe cha kuzima kikabonyezwa weee, wapi! Dada akazima swichi kuu, akafungua kontakta, akapitisha kidole kwenye uso wa sumaku, akakinusa. Mafuta. Spana ndiye aliyeipaka jana ili isipige kelele, ndiyo maana ikanata na chuma hata umeme ulipokatwa. Dada akamtupia jicho mara moja tu.

"Ilikuwa nini?" bosi akauliza.

"Vumbi tu, bosi," akajibu, huku akiifuta taratibu kwa kitambaa kikavu.

Spana akameza mate machungu. Afadhali angemsema mbele za watu. Sasa hata sababu ya kumchukia kamnyang'anya.