Laini ya Pili Ofisini Malaba

Haya sikuhadithiwa na mtu. Nilikuwepo mwenyewe, bisibisi mkononi, akili zangu timamu, wala sikuwa nimeonja tone la pombe. Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Intaneti ndiyo kwanza ilikuwa inafika huku mpakani, nayo ilipita kwenye waya wa simu, polepole, kwa kukwaruza na kupiga mbinja. Mama Amoit alikuwa na ofisi Malaba ya kushughulikia hati za malori yanayovuka kwenda Uganda. Kompyuta tatu, laini moja ya simu. Kila akituma hati Mombasa, laini inakatika katikati, na dereva anabaki kumtukana mlangoni. Basi akaniita kutoka Bungoma.

"Fundi, nataka laini mbili zishikane," aliniambia. "Moja ikikufa, ingine ibebe."

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Unaweka modemu mbili, kila moja na laini yake, zote unaziingiza kwenye ruta moja, na ruta inagawia kompyuta zote. Ukutani kulikuwa na soketi mbili za simu. Ya pili ilikuwa ya zamani, imejaa utando wa buibui. Mama Amoit alikuwa ameomba ifufuliwe, na mafundi wa simu walikuwa wamemwahidi siku hiyo. Hawakutokea. Mchana akaondoka kwenda Amagoro kuwaulizia, nikabaki peke yangu.

Wingu likafunga kutoka upande wa Tororo, alasiri ikaingia giza kabla ya wakati wake. Nilikuwa nimepiga magoti chini ya meza nilipoona miguu ya mwanamume mlangoni.

"Yoga," akanisalimu kwa Kiteso.

Alikuwa mzee mrefu, suti ya Kaunda ya kahawia, uso mpole. Akaketi kwenye kiti cha wageni kama mtu aliyezoea kuketi pale. Mvua ikaanza kurusha maji ndani, nikainuka nikafunga mlango kwa komeo. Nilidhani ni mteja. Wewe ungedhani nini?

"Hiyo soketi ni yangu," akasema, akiionyesha ile ya zamani. "Geuza hizo waya mbili. Zimepishana."

Nikazigeuza. Niamini, modemu ya pili ikapiga mbinja mara moja, taa zikawaka, na kurasa zilizokuwa zikijikokota zikaanza kufunguka upesi. Nilifurahi kama mtoto! Kwa majaribio nikachomoa laini ya kwanza. Intaneti ikaendelea. Nikairudisha, nikachomoa ya pili. Taa ya modemu yake haikuzimika.

Nilikuwa nimeushika ule waya mkononi, ncha yake inaning'inia, na taa bado inawaka. Kisha kutoka ndani ya modemu ikatoka sauti ya msichana.

"Baba? Baba, ni wewe?"

Yule mzee alikuwa tayari ameinama juu ya modemu. "Akisa," akasema. "Mimi sikukimbia na mali ya watu. Waliniua. Niko kwa kisima cha zamani, nyuma ya ghala la ofisi. Mje mnitoe."

Msichana akaanza kulia. Sauti yake ikafifia, lakini kifaa hakikunyamaza. Nyuma yake kulikuwa na mnong'ono wa watu wengi, kama soko linalosikika kwa mbali. Na mimi, sijui ni ulimi gani ulionituma, nikauliza, "Nani wengine wako hapo?"

Wakajibu wote kwa pamoja. Wanaume, wanawake, watoto wadogo, kila mmoja anataja jina lake. Radi ikapiga, umeme ukakatika, na nilipowasha kiberiti kiti kilikuwa kitupu. Komeo la mlango lilikuwa vilevile nilivyolifunga.

Mama Amoit aliporudi nilikuwa nimejibana kwenye kona. Ilibidi agonge mpaka achoke ndipo nikafungua.

"Pole fundi," akasema, akikung'uta maji. "Wamesema watakuja wiki ijayo. Hiyo laini ya pili haijaunganishwa bado."

"Mama, imefanya kazi. Mwenyewe alikuwa hapa."

"Mwenyewe nani?"

Nikamweleza ile suti, ule urefu, lile jina Akisa, na kile kisima. Akakaa sakafuni na nguo zake zilizolowa. "Huyo ni Omuse," akanong'ona. "Tulifanya kazi na yeye hapa, na hiyo laini ilikuwa yake. Alipopotea na mzigo wa watu, sisi wote tulimwita mwizi. Hata mimi."

Mvua ilipopungua akanitoa nje, akanionyesha waya wa ile soketi. Ulikuwa umekatwa kwenye nguzo tangu Omuse alipopotea. Ncha yake ilikuwa imelala kwenye majani, imeshika kutu.

Tulipowapelekea habari, polisi walikifungua kile kisima mbele ya chifu. Omuse alikuwa humo, kwenye mabaki ya ile suti ya kahawia. Waliomuua hawajapatikana mpaka leo. Mama Amoit ndiye aliyempeleka nyumbani Amukura, akasimama mbele ya waombolezaji akalisafisha jina lake huku analia. Huko ndiko nilikomwona Akisa. Kwao hakukuwa na simu. Aliniambia kwamba siku ile ya mvua alikuwa jikoni anapika, akasikia baba yake anamwita kutoka nyuma ya nyumba, akaitika.

Omuse amepumzika sasa. Mimi je? Kazi ya waya niliiacha. Simu yoyote nikiiweka sikioni, iwe ya nani, mnong'ono uko pale chini ya sauti ya anayezungumza. Mpaka huu umemeza watu wengi. Kuna mwanamke mmoja anayetaja jina lake na jina la kijiji upande wa Angurai, tena na tena, na mimi sina ujasiri wa kwenda kuuliza kama kuna mtu wao aliyepotea.

Kwa hiyo ukikuta laini ya zamani ukutani, na huijui ilikuwa ya nani, iache. Na ikiwa umeshaichomeka ukasikia watu, funga mdomo wako. Usiwaulize wao ni nani. Watakwambia.