Video Mbili za Wimbo wa Subira

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alirudi Kibiti kutoka Dar es Salaam na imani moja: picha kwenye video ya muziki ikikaa bila kukatwa, mtazamaji ameshakimbia. Mimi niliamini kinyume. Nilikuwa narekodi kwa simu, nahariri kwa laptopu iliyong'oka vitufe, na nilipenda picha itulie, mtu aonekane anapumua. Kila tukikutana kwenye chakula tulibishana mpaka mke wangu anaondoa sinia.

Basi fundi cherehani mmoja wa Bungu, mwanamke mwenye sauti tamu na ulimi mkali, akatoa wimbo wake wa kwanza. Ulihusu subira: mpenzi ngoja, anayengoja haumii. Alitujua sote, hakutaka kumuudhi yeyote.

"Kila mtu atengeneze yake," akasema. "Nitachagua mwenyewe."

Shemeji alipiga picha zake palepale Bungu, kando ya barabara kuu. Akamkata yule dada kwa kila mdundo: jicho, kiatu, tairi la lori, jicho tena. Rangi akazikoleza mpaka mafungu ya mihogo yakawa ya waridi.

Mimi nikampeleka Mbuchi. Nilitaka ubeti wa pili uende wote bila kukata, yeye ameketi kwenye mtumbwi, mikoko inapita taratibu nyuma yake. Akaja na gauni la kijani linalometameta.

"La mteja," akaninong'oneza. "Harusi yao bado. Na gauni halina mdomo."

Kuimba mbele ya kamera kukamshinda. Sauti ilikuwepo, uso umekauka kama wa picha ya kitambulisho. Tukarudia, tukarudia tena, huku maji yanakupwa, mpaka mtumbwi ukakalia tope. Hapo uso ukafufuka! Mzee mwenye mtumbwi alikuwa nyuma yangu, kwa hiyo dada alipomgeukia alitazama kamera moja kwa moja. Akamgombeza kwa lugha ya kwao, Kindengereko, mikono hewani, macho yanawaka. Mzee akacheka tu. Nami sikuizima simu.

Nyumbani nikaitoa sauti ya ugomvi, nikaulaza wimbo juu yake. Midomo haikulingana sawasawa na maneno, lakini uhai uliokuwamo! Anaimba "ngoja mpenzi" huku anamtikisia mtu kidole. Nikaiacha hivyo, wala sikumwambia mtu. Nilitaka nione nani atagundua.

Tulizionyesha zote mbili mchana mmoja kwenye banda la kuangalizia mpira pale Bungu. Walikuja majirani, mama yake mwimbaji, na wateja wake wa kushona.

Ya shemeji ilianza. Vijana wakapiga miluzi. Mama yake mwimbaji akahangaika kwenye benchi.

"Mwanangu yuko wapi? Kila nikimkamata anakimbia!"

Nikatabasamu mapema mno, kwani yangu ilipoanza kijana mmoja aliuliza kama video imeganda. Shemeji akacheka mpaka akakohoa. Ukafika ubeti wa pili. Mama akainama mbele, akakodoa macho, kisha akajipiga paja.

"Huyu haimbi!" akapaza sauti. "Anamwambia mtu, 'We mzee, ulisema maji hayatakupwa! Sasa nitashukaje topeni na gauni la mteja?'"

Banda zima likaangua kicheko. Wanawake wengine wakaanza kuifuatisha midomo, wakitafsiri kwa zamu. Mwimbaji akanipiga mgongoni kwa kiatu, na nilistahili. Kicheko kilipopungua, mwanamke wa benchi la mbele akasimama polepole.

"Gauni la mteja yupi?"

Fundi akanywea. Mimi nikajifanya natafuta waya.

"Rudisha," mwenye gauni akaniamuru. Nikarudisha. Akaitazama ile kijani ikimetameta katikati ya mikoko, kichwa kakipinda upande, muda mrefu.

"Limependeza," akasema. "Kwangu bado hata sijalijaribu. Haya, nami mniweke humo humo, na gauni langu. La sivyo sitaki kulisikia tena, na kitambaa nilipwe."

Sasa unamwekaje mtu wa pili ndani ya picha moja isiyokatwa? Nilikaa na laptopu nikashindwa. Ikabidi nimwite shemeji. Akanitazama kwa raha ambayo sijawahi kuiona usoni mwake.

"Shem, hapa lazima tukate."

Tukakata. Fundi anainua kidole kule Mbuchi, na kabla hakijashuka ni kidole cha mteja, gauni lile lile, kando ya barabara ya Bungu, naye anamgombeza dereva wa lori. Shemeji alitaka wabadilishane mara kumi; nikamkubalia mbili, baada ya kubishana siku nzima. Sauti ya ugomvi tukairudisha mwanzoni, kabla wimbo haujaanza, kwa amri ya mwimbaji mwenyewe.

Hiyo ndiyo aliyoichagua. Imefika mpaka Utete, na wapo wanaokuja dukani kwake kushonesha wakiomba kwanza wagombezwe kidogo. Mzee wa mtumbwi naye ameiona. Amelalamika kwamba jibu lake tumelikata. Siku ile hakujibu neno, lakini inaonekana tangu hapo amelipata moja zuri, na anataka turudi Mbuchi maji yakikupwa tukamrekodi. Shemeji ameshachaji betri.