Siku Tuliyochagua kwa Majembe

Juzi pale soko la Salama mwanasiasa mmoja alipanda juu ya pikapu akatuambia dawa ni majimbo, serikali ikae karibu na mwananchi. Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga, kwanza kwa sababu mkono wangu wa kushoto haukunjiki. Pili, serikali imewahi kukaa karibu na mimi. Chifu alikuwa jirani.

Silanga yetu, lile bwawa la udongo, tuliichimba wenyewe, wanawake wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, viangazi viwili vizima. Mwethya haina karatasi. Ukifika kazini unalaza jembe lako kwenye mstari, na hilo jembe ndilo linasema nyumba yako imekuja. Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, lakini mstari huo niliujua vizuri.

Maji yalipojaa, chifu akasema kamati itaongozwa na shemeji yake, mtu wa ng'ombe wengi ambaye hakuwahi kubeba hata karai moja ya udongo. Sisi tulimtaka dada yangu mkubwa, mjane, kiongozi wetu tangu siku ya kwanza. Shida ilikuwa moja: nani aamue kama ni watu au ni ng'ombe wanaokunywa kwanza.

D.O., yule afisa wa tarafa, akaja kusimamia uchaguzi. Miaka hiyo kura ilikuwa ya mlolongo, watu wanasimama nyuma ya mtu wao. Dada akakataa.

"Mzee, watu wanaweza kuletwa kutoka sokoni. Wacha tupange majembe. Jembe lililochimba hapa tunalijua."

D.O. akacheka. "Mama, na hayo majembe yana kadi ya chama?"

"Hayana. Ndiyo maana hayadanganyi."

Hata askari walicheka. Basi tukalaza majembe, halafu tukarudi nyuma ili yahesabiwe, kama desturi yetu. Hilo ndilo kosa tulilofanya. Mstari wa dada ulifika mpaka kwenye ukingo wa silanga. Wa shemeji ulikuwa na majembe tisa, mengine bado yana karatasi ya duka.

Chifu akaushika mkono wa shemeji yake, akauinua juu. "Mshindi mmemwona."

"Chifu, umelewa ama umepofuka?" dada akamuuliza.

Vijana wa chifu waliinama wakaokota majembe yetu. Sisi tulikuwa mikono mitupu.

"Leo mtalimwa nyinyi!" mmoja akasema.

Nitataja waliofanya, kwa sababu korti haikuwataja. Shemeji wa chifu ndiye alimpiga dada kichwani kwa kisogo cha jembe, akampiga tena akiwa chini. Chifu alisimama hapo akisema, "Ongeza." D.O. aliingia kwenye Land Rover akafunga kioo. Nilimlalia dada nimkinge, wakanipiga mkono mpaka nikasikia mfupa ukilia. Mama mmoja aling'olewa meno yote ya mbele. Mwingine alikimbilia ndani ya maji, wakamfuata huko huko. Dada alikufa kabla ya jua kuzama, na ripoti ikasema aliteleza kwenye ukingo. Shemeji akawekwa mwenyekiti, akaizungushia silanga miiba, ng'ombe wake wakanywa kwanza.

Mvua kubwa ilipokuja, ukingo ukaanza kupasuka. Chifu alipiga filimbi ya kutuita kazini kutwa, hakuna nyumba iliyotoka. Mwishowe akaja mwenyewe mlangoni kwangu, amelowa.

"Mama, toka uite wenzako. Silanga inaenda!"

"Mwenyekiti wako yuko wapi?"

"Wacha maneno, mama. Ni maji ya watu wote."

"Tangu lini?"

Angenipiga, nafikiri, lakini ukingo ulivunjika tukiwa tunaangaliana, tukausikia sote wawili. Maji yote yakateremka mpaka mto Athi.

Kiangazi kilichofuata tulirudi mtoni na punda, tunatoka asubuhi tunarudi jioni. Ng'ombe wa shemeji walipita njia hiyo hiyo. Wengi hawakufika.